Uwanja wa Baba na Ligi ya Magongo

Kuna neno nililolisema mwaka 1996, na limenichukua muda mrefu kulirudisha. Nilimwambia mdogo wangu, nyumbani kwangu, mbele ya wageni: "Nyinyi ndio mliouua mpira wa magongo." Wakati huo alikuwa akicheza katika ligi kuu ya wanaume ya Kenya. Ilikuwa Jumapili jioni, naye alikuwa ametoka moja kwa moja uwanjani City Park, gongo lake likiwa limeegemea mlango. Katika televisheni Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ilikuwa ikiendelea. Kenya haikuwamo katika mpira wa magongo. Iliyokuwamo kutoka bara letu ni Afrika Kusini. Mdogo wangu hakunijibu. Alimaliza chai yake, akaaga kwa adabu, na tangu siku ile akaacha kunieleza matokeo ya mechi zake.

Neno lile halikuwa langu peke yangu. Nililiokota huku na huku: vilabuni, matangani, kwenye matatu. Wapo hata leo wanaolisema kama kwamba ni historia iliyokwisha thibitishwa. Husema hivi: ligi ya magongo ilikuwa kitu cha maana ilipokuwa mikononi mwa Waasia, Waasia wakaondoka, Waafrika wakaingia, kiwango kikashuka. Sentensi ni fupi na ina tarehe zinazoelekea kuiunga mkono. Lakini uwongo unaopatana na tarehe ndio mgumu zaidi kuung'oa, na mimi, Mwafrika mtoto wa Mwafrika, niliubeba miaka mingi bila kuupima.

Afadhali nieleze kwanza nilikotoka. Baba yetu alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja Nairobi tangu miaka ya 1950. Katika enzi ya ukoloni kila kabila la watu lilikuwa na klabu yake, na majina yenyewe yalisema nani ni mwenyeji: Sikh Union, Goan Institute, na kadhalika. Masingasinga, ambao sisi tuliwaita Makalasinga, na Wagoa ndio waliokuwa nguzo za mchezo huu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na fyekeo, ndoo ya chokaa na rola la chuma. Baba aliamka alfajiri kuviringisha rola hilo kabla jua halijakausha umande, kisha akapiga mistari kwa kamba na chokaa, na ilipofika saa nane mchana wa Jumamosi alisimama nyuma ya goli kama mtu aliyepika chakula na sasa anatazama wenzake wakila.

Mimi nilikuwa muokota mipira. Malipo yangu yalikuwa chapati na senti kadhaa, na mara moja nilipewa gongo lililovunjika. Yalikuwa magongo ya mti wa mforsadi, yaliyotoka India na Pakistan, na lile la kwangu baba aliliunga kwa gundi akalizungushia waya. Kwa gongo hilo nilijifunza kuukokota mpira kwa kugeuza kiganja, kushoto kulia, kushoto kulia, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya.

Na wakubwa hao walikuwa wachezaji kwelikweli. Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, timu ya magongo ilikuwamo. Roma 1960 ilifika robo fainali. Tokyo 1964 ilikuwa ya sita, Mexico 1968 ya nane. Avtar Singh Sohal, ambaye watu wote walimwita Tari, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kutoka 1960 hadi 1972. Kisha mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, huko Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali. Ilifungwa na Uhispania, na katika kuwania nafasi ya tatu ikafungwa na India mabao mawili kwa moja. Ya nne duniani! Nakumbuka habari hiyo ilivyosomwa redioni, nami nikakimbia kumwambia baba. Alikuwa akinoa fyekeo. Akasema, "Vizuri," akaendelea kunoa.

Nguvu hiyo ilitoka katika mechi za nyumbani za kila wiki. Vilabu vilikuwa vichache na karibu karibu, wengi vikiwa Nairobi, na kila kimoja kilikuwa na heshima ya jamii yake ya kulinda. Mtu aliyezoea kukabiliwa kila Jumamosi na mchezaji wa timu ya taifa hakutishwa na Mholanzi. Ushindani wa nyumbani ndio uliokuwa shule.

Basi nani aliyeushusha mchezo? Siku moja, baada ya kugombana na mdogo wangu, nilikwenda kijijini kumsalimu baba, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimsimulia yaliyotokea nikitumaini ataniunga mkono. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Hao unaosema walikuwa bora, walikuwa bora juu ya uwanja wa nani?" Nikacheka, nikidhani ni majivuno ya mzee. Hakucheka. Akasema, "Nikisahau kishimo kimoja tu, mchezaji bora wa Nairobi alionekana mjinga. Mpira ulimruka gongo. Watu wakamzomea yeye, kosa likiwa langu. Sasa wewe, kabla ya kumzomea mdogo wako, umekwenda kuuangalia uwanja wake?"

Sikuwa nimekwenda. Mtoto wa mtunza uwanja nilihukumu mchezo bila kutazama chini.

Niliporudi Nairobi nilianza kupanga tarehe upya, na nikaona zile nilizozoea kuzitaja zilikuwa nusu tu. Ni kweli kwamba Waasia wengi waliondoka. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasiokuwa raia. Wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakakimbilia huko kabla mlango haujafungwa, na kweli Uingereza ikaubana kwa sheria ya Machi 1968. Waliondoka makarani, mafundi, walimu, na pamoja nao wachezaji wa kesho, watoto waliokuwa bado shuleni. Lakini timu ya 1971 iliyokuwa ya nne duniani ilikuja baada ya msafara huo. Na mwaka 1973, katika Kombe la Dunia la pili lililochezwa Amstelveen, Uholanzi, Kenya ilishika nafasi ya kumi na mbili kati ya timu kumi na mbili. Wachezaji wengi bado walikuwa Waasia. Kama Waafrika ndio waliouua mchezo, mwaka 1973 walikuwa wapi? Wengi walikuwa bado nyuma ya goli, wakiokota mipira.

Kisha ikaja 1976. Serikali nyingi za Afrika, ya Kenya ikiwemo, ziliziondoa timu zao Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Silaumu uamuzi huo. Heshima ya mtu mweusi ilikuwa na thamani kuliko medali. Lakini wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Montreal ndiko mpira wa magongo wa Olimpiki ulikochezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia, zulia la plastiki linalomwagiwa maji. Mchezo wenyewe ulibadilika mwaka ule, na sisi hatukuwapo kuuona ukibadilika. Mwaka 1980 tukagoma tena, safari hii kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Tanzania ilikwenda Moscow, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila. Hata hivyo, iliukanyaga uwanja.

Zulia si nyasi. Juu ya nyasi za baba yangu mpira ulidunda, ukachelewa, na mwenye viganja vyepesi aliweza kuutuliza na kuwazungusha watu watatu. Juu ya zulia mpira huteleza kama sabuni. Pasi ndefu hufika, anayekimbia kwa kasi na pumzi humshinda mwenye madaha, na hata gongo likaacha kuwa mti mtupu, likatengenezwa kwa nyuzi za kioo na kaboni. Sheria nazo zikaufuata uwanja: ile ya kuotea ilianza kuondolewa mwaka 1996 kwa majaribio, ikafutwa kabisa 1998. India na Pakistan zenyewe, walimu wa dunia, zilitikiswa na zulia hilo. Zilikuwa na watu mamilioni wa kuchagua; sisi tulikuwa na vilabu vichache vya nyasi.

Mwaka 1984 Kenya ilikwenda Los Angeles. Ligi nyumbani ilikuwa bado inachezwa juu ya nyasi, na mashindano yalikuwa juu ya zulia. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea siku ya kuvuka mto. Walishika nafasi ya tisa kati ya timu kumi na mbili, na kila nikiitazama namba hiyo leo naona ushujaa mahali nilipokuwa naona aibu. Zulia lilitufikia Nairobi kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, pale City Park, miaka kumi na mmoja baada ya Montreal. Kenya ikatwaa dhahabu ya Afrika, ikaenda Seoul 1988. Katika timu hizo Waafrika hawakuwa tena waokota mipira.

Hiyo ndiyo Olimpiki yetu ya mwisho katika mchezo huu. Hadi ile ya Paris 2024 hatujarudi. Barcelona 1992 Misri ndiyo iliyowakilisha bara, kisha Afrika Kusini ikarejea kutoka kifungo cha ubaguzi ikiwa na viwanja, makocha na fedha. Sisi tulikuwa na zulia moja. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ligi ilipangwa juu ya uwanja huo mmoja, mechi ikifuata mechi Jumamosi na Jumapili. Zulia lililokanyagwa hivyo, huku maji yakikosekana, huchakaa kama mkeka wa mlangoni.

Na bado ligi haikufa. Hilo ndilo nililokuwa silioni. Mchezo ulihama kutoka klabu za jamii ukaingia kambi za polisi, vyuo vikuu na shule za magharibi mwa Kenya. Shule kama Friends School Kamusinga na St. Anthony's ya Kitale zilizalisha vijana mwaka baada ya mwaka. Kenya Police ikawa jina la kuogopwa. Strathmore ikaja na wanafunzi wake. Na katika miaka ya 2010 Butali Warriors, timu iliyobeba jina la kiwanda cha sukari, ikawa inapigania ubingwa na polisi hao. Fikiria, msomaji: mchezo uliokuwa wa watu wenye baa na ukumbi sasa unabebwa na koplo, mwanafunzi na kijana wa mashamba ya miwa, wengi wao bila mshahara wa kucheza. Mtu anayenunua gongo kwa fedha zake, akapanda matatu Jumapili, akacheza juu ya zulia lililochanika, huyo hawezi kuitwa muuaji wa mchezo.

Nisije nikageuza dhuluma moja kuwa nyingine. Mgala muue na haki yake mpe. Tari na wenzake waliliinua jina la Kenya kabla hatujawa na bendera na baada ya kuipata, na wengi waliobaki waliendelea kuwafundisha vijana wa kila rangi. Kosa halikuwa lao. Wala halikuwa la waliowafuata.

Ilinichukua mpaka baada ya kumzika baba kumwomba mdogo wangu radhi. Alikuwa ameacha kucheza, sasa anafundisha watoto wa shule. Nilimkuta City Park akitazama mechi ya ligi. Hakusema lolote kuhusu neno la 1996, alinipa gongo, akasema, "Kaka, ingia ukaupige kidogo." Ilikuwa mapumziko. Niliingia na viatu vyangu vya ofisini, nikajaribu ule ufundi wangu wa utotoni, kushoto kulia. Mpira ulinitoroka mara tatu. Watoto wake walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kisha nikainama nikaligusa zulia. Lilikuwa limekatika kwenye mshono, na mtu fulani, sijui nani, alikuwa ameushona mshono ule kwa uzi kwa mkono, taratibu, kama baba alivyokuwa akiziba vishimo.

Niliporudi kuketi nilimwambia nilikosea. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama baba aliwahi kuiona City Park. Nikamwambia hapana. Tukaitazama mechi hadi mwisho. Tangu siku ile, kila Jumapili jioni, hunipigia simu kunieleza matokeo.