Pembe Juu ya Kikokotoo

Ihembe, kwa Kinyambo, ni pembe. Ndiyo maana shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayeishi hapa Ihembe wilayani Karagwe, hakuona ajabu kuniomba nimwekee pembe ya ng'ombe kwenye kompyuta. Majirani humletea hesabu za kahawa ya maganda awajumlishie, na kila asubuhi hukitafuta kikokotoo kwa taabu, kwa sababu jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho.

"Vipicha vyote vina umbo moja, mwanangu," aliniambia. "Niwekee pembe. Pembe nitaiona hata bila miwani."

Kompyuta yake ni Mac ya mtumba. Nilifungua dirisha la maelezo ya programu, nikabofya aikoni iliyo juu kushoto, nikataka kubandika picha. Mashine ikakataa. Nikaweka nenosiri la mwenye mashine, ikakataa tena.

Zamani haikuwa hivyo. Jina la aikoni liliingia kwenye kompyuta mwaka 1975, David Canfield Smith alipolitumia katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford kuita picha za kwenye skrini ambazo mtu anaweza kuzishika na kuzifanyia kazi. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ikauza mashine ya Star, yenye picha za karatasi na folda. Picha ndogo kusimama badala ya kitu kikubwa, hilo Karagwe ililijua mapema: msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika mwaka 1861 alikuta ufalme ambao hazina yake ilikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu. Aliyewaona hakuhitaji kuelezwa kwamba mbele yake kuna mamlaka.

Aikoni za Macintosh ya 1984 zilichorwa na Susan Kare, msanii aliyeanzia kwenye karatasi ya vijumba. Alikuwa na vijumba 32 kwa 32, yaani 1,024, na kila kimoja ama cheusi ama cheupe. Tulijaribu wenyewe na shangazi kwenye daftari la hesabu. Mkunjo wa pembe uligeuka ngazi, na ncha ikawa butu kila tulipoichonga. Tulifuta mara nne. Kwenye jaribio la tano shangazi aliacha vijumba viwili vyeupe katikati ya vyeusi, na papo hapo pembe ikapata mng'ao na kujikunja. Tangu siku hiyo namheshimu Kare zaidi ya nilivyomheshimu kwa kumsoma.

Wakati ule picha ilikaa ndani ya faili, na Apple yenyewe ilikuwa na programu ya kuihariri, ResEdit. Mwaka 1991 toleo la System 7 likarahisisha kabisa: nakili picha, fungua dirisha la maelezo, bandika. Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu aliweza kuuvisha mfumo wake sura anayoitaka. Ilipokuja Mac OS X mwaka 2001, wapo waliouza programu za kubadili aikoni zote kwa mkupuo, kama CandyBar.

Huku kwetu, mabadiliko yalikwenda mbali zaidi ya picha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, na leseni yake ilimruhusu yeyote kuubadili.

Mac ilielekea upande wa pili. Septemba 2015, toleo la El Capitan liliweka ulinzi unaozuia hata mtumiaji mwenye mamlaka yote kugusa faili za mfumo pamoja na programu zilizokuja na mashine. Mwaka 2019 faili hizo zikahamishiwa sehemu ya diski isiyoandikika. Mwaka 2020, Big Sur ikaipiga muhuri sehemu hiyo: kila faili ina alama yake ya kihesabu, alama zote huunganishwa kuwa moja, na mashine huikagua inapowaka.

Pembe yetu ilikwamia hapo. Ukibandika aikoni kwenye programu, mfumo huandika faili jipya lililofichwa ndani ya folda ya programu hiyo. Kwa muhuri, pembe ya shangazi na kirusi ni kitu kimoja: vyote viwili ni faili lisilokuwepo jana.

Kufuli lenyewe naliunga mkono kwa moyo wote. Kirusi kikiweza kuandika ndani ya kikokotoo, hesabu za wakulima haziko salama. Inawezekana kuuzima ulinzi huo kupitia hali ya urejeshaji, lakini sikuthubutu kumwachia mzee mashine iliyo wazi kwa ajili ya picha. Ninachokilaumu ni picha kuwekwa ndani ya kufuli. Ingewekwa pembeni, kwenye faili za mtumiaji, isingemdhuru mtu. Tena ni Big Sur hiyohiyo iliyozipa karibu aikoni zote za Apple umbo la mraba wenye pembe za mviringo. Zamani jicho dhaifu lilitambua duara hapa na karatasi iliyoinama pale. Shangazi alinyimwa tofauti ya maumbo, na akanyimwa ruhusa ya kuirudisha.

Mwishowe nilipita nje ya muhuri. Nilitengeneza kiprogramu chenye amri moja tu, kufungua kikokotoo, nikakiweka kwenye folda yake mwenyewe. Hicho kilikubali picha bila ubishi. Nikakiburuta hadi kwenye mstari wa chini wa skrini: pembe nyeusi isiyo na mraba wowote, ile ya jaribio la tano.

Ukiibofya, kikokotoo hufunguka na aikoni yake ya kiwandani hujitokeza upande wa kulia wa mstari. Shangazi aliitazama hiyo kidogo, akauliza kama ni lazima iwepo. Nikamwambia ndiyo. Akavuta daftari la kahawa, akaanza na magunia ya jirani wa ng'ambo ya bonde.