Konyeza-mwamba, Wala Si Ua-bahari

Orodha moja ya istilahi za viumbe wa majini, iliyoandaliwa na kamati ambayo sitaitaja, inamwita yule mdudu anayewakera wafugaji wa matumbawe katika matangi ya kioo "ua-bahari haribifu". Mfano wa matumizi unasema: "Ua-bahari limemeza kamba." Mstari unaofuata kamati imejishtukia, ikaandika "ua-bahari amejigawa". Walioliunda neno wenyewe hawakuelewana kama kitu chao kina roho au hakina.

Asili ya ua hili inajulikana. Kigiriki kina anemos, upepo, na kutoka hapo likaja jina la ua la nchi kavu, anemone. Wazungu wakaona minyiri ya mnyama ikiyumba majini, wakamkabidhi jina la ua. Nao wataalamu walipounda jina la kundi lake, Anthozoa, waliunganisha anthos, ua, na zoon, mnyama. Kamati yetu ilisoma nusu ya kwanza, nadhani saa ya chai ikawa imefika.

Pwani tayari tuna konyeza, yule wa maji maji anayewababua waogeleaji. Nimependekeza, na leo narudia kwa kuwa barua yangu haikujibiwa hata kwa mstari mmoja, kwamba huyu wa kwenye jiwe aitwe konyeza-mwamba. Mpinzani mmoja, ambaye istilahi zake hupigiwa makofi makongamanoni na kusahauliwa mlangoni, amesema neno hilo lina mwenyewe, tena linamkumbusha mtu anayemkonyeza mwenziwe jicho. Tuanze na jicho. Tuna kaa wa pwani, kaa la moto na kukaa kitako, na sijasikia mtu aliyekalia moto kwa sababu ya kamusi. Ama kuhusu mwenyewe, hapo ndipo elimu ya viumbe inaponitetea. Yule anayeelea na huyu aliyeshika jiwe ni wa ukoo mmoja, pamoja na matumbawe. Wote wana seli zenye kijiuzi kilichojikunja, ambacho hufyatuka na kudunga sumu kikiguswa. Kinachowaunganisha ni huko kuwasha. Basi konyeza na liwe jina la ukoo: konyeza mwelea, konyeza-mwamba. Ngeli haina ubishi, ni huyu na hawa.

Lakini lililonichoma zaidi liko ukurasa wa pili. Pale kuna "anemoni majano", na maelezo kuwa majano ni neno la kigeni. La kigeni! Mnyama huyu kitaalamu ni Anemonia manjano, jina alilolitoa Oskar Carlgren wa Uswidi mwaka 1900, katika maandishi yake ya Kijerumani juu ya viumbe wa aina hii waliokusanywa Afrika Mashariki na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Manjano ni ile ile ya binzari. Kiswahili kina desturi ya kuazima rangi kutoka vitu vinavyoonekana: kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda lake, na manjano imetupa rangi, ikatupa na homa. Wafugaji wa Marekani wakaidondosha n, wengine wakaitamka "mahano" kana kwamba imetoka Hispania, na wanakamati wetu wakaipokea ikiwa kilema bila kumtambua mtoto wa nyumbani. Jina lake ni konyeza manjano. Mwenzake wa kahawia, aiptasia, abaki aiptasia. Sina ugomvi na Kigiriki kilichotulia mahali pake.

Neno "haribifu" nalo liondolewe. Mnyama haharibu kwa tabia. Ni tangi lililompa mwanga, mabaki ya chakula na jirani asiyeweza kuhama. Aseme mtu "konyeza-mwamba sumbufu", kama ni lazima aseme.

Matumizi, kwa haraka. Konyeza-mwamba asikatwe wala kukwanguliwa jiweni, kwani kipande cha wayo wa aiptasia kikibaki huota mnyama mpya. Hudungwa kwa bomba la sindano uji mzito wa chokaa, au maji ya ndimu, wachache kwa siku moja ili maji yasichafuke. Aiptasia huliwa na kamba wa jamii ya Lysmata, ingawa si kila kamba hukubali. Na kitatange mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, ambaye pengine atagusa na usivyotaka aguse. Na konokono asiye na gamba aitwaye Berghia, ambaye hana chakula kingine, kwa hiyo aiptasia wakiisha apelekwe kwenye tangi la jirani kabla hajafa njaa. Manjano hao konokono hawamtaki. Huyo ni sindano tu.