Kitenzi *laleo* na Suala la Mwanamke Kunena Kanisani: Kutoka Korintho hadi Majengo, Dodoma

Katika Soko la Majengo jijini Dodoma watu husema, huongea na huzungumza. Ni nadra kusikia kwamba muuza nyanya amenena. Kitenzi *nena* kimesalia katika ushairi, katika hotuba na, zaidi ya kote, katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Hivyo, waumini wa kata hiyo wanaposomewa sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambamo wanawake wanakatazwa *kunena* kanisani, ni rahisi wasikie katazo la kuhubiri. Kitenzi cha Kigiriki kilichopo hapo, *laleo*, hakikuwa na uzito huo.

Katika Kigiriki cha kale cha Athens, *laleo* kilimaanisha kupiga soga, tofauti na *lego*, kusema jambo lenye maana. Kutokana na historia hiyo, baadhi ya watetezi wa huduma ya wanawake hudai kwamba Paulo alikataza soga tu. Nia yao ni njema, lakini hoja haisimami. Kufikia karne ya kwanza *laleo* kilikuwa kitenzi cha kawaida cha kusema. Katika sura hiyo pekee kinatokea mara 24, na katika mstari wa 21 mtenda ni Mungu mwenyewe. Aidha, mstari wa 39 unatumia umbo lilelile la mstari wa 34, *lalein*, ukiagiza kwamba kunena kwa lugha kusizuiwe. Kama *lalein* ni soga, basi Paulo anaagiza soga isizuiwe!

Sarufi ya kunyamaza inasaidia zaidi. Amri ya kitenzi *sigao*, 'kunyamaza', imetolewa mara tatu: mstari wa 28 kwa anenaye kwa lugha pasipo mfasiri, wa 30 kwa nabii ambaye mwenzake amepata ufunuo, na wa 34 kwa wanawake. Kimya cha wawili wa kwanza ni cha muda. Hakuna mfafanuzi anayemfunga nabii kinywa maisha yake yote. Isitoshe, sura ya 11, mstari wa 5, inachukulia kuwa wanawake huomba na kutoa unabii. Mpaka wa katazo, basi, hauna budi kutafutwa katika muktadha, si katika maana ya kitenzi.

Hapo ndipo tafsiri inapodai uangalifu. Biblia ya Muungano, iliyounganisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa katika Kiswahili sanifu, inafasiri *laleo* kwa *nena* na pia kwa *sema* ndani ya mstari wa 2 peke yake. Katika mstari wa 34 hali inageuka: wanawake wanakatazwa *kunena*, na torati nayo *inanena*, ilhali Kigiriki kina *laleo* kwa wanawake na *lego* kwa torati. Msikilizaji wa Kiswahili hupata kitenzi kimoja kwa vyote viwili, nacho ni kile cha mimbarini. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliporidhia upadrisho wa wanawake mwaka 1990, mstari huo ulikuwa umesomwa kwa neno hilo kwa takribani miaka 40.