Masikio ya Wasomaji wa Buganda

Kwa Kiswahili mtoto mkaidi husemwa kwamba hasikii. Si kwamba masikio yake yamekufa; maana yake ni kuwa neno lilimwingia sikioni lisifike miguuni. Basi lugha yetu imekwisha kuyaunganisha mambo mawili ambayo watu wa dini mara nyingi huyatenga, kusikia na kutii. Nataka kuutazama muungano huo katika habari za Wakristo wa kwanza wa Buganda, kwani huko ulijaribiwa kwa moto.

Waganda waliwaita Wakristo hao abasomi, yaani wasomaji, na jina liliwastahili. Mwaka 1875 Stanley, baada ya kumzuru Kabaka Mutesa, alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyelelewa katika shule ya misheni ya Unguja, awe msomaji wa Biblia barazani. Alexander Mackay alipofika mwaka 1878 alitumia tafsiri za Kiswahili za Edward Steere zilizotoka Unguja, maana Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia ikulu pamoja na biashara na Uislamu. Mwaka 1879 wakaja mapadre wa Kifaransa. Hivyo vijana watumishi wa Kabaka walianza kumsikiliza Mungu kwa lugha ya pwani, herufi kwa herufi.

Walakini si Wakristo waliotangulia kujifunza huko kwamba yuko mwenye amri ipitayo ya Kabaka. Mwaka 1876 Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa barazani. Moja la makosa yao lilikuwa kukataa nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yao. Mfano huo haukusahauliwa.

Mwanga alitawala tangu mwaka 1884. Tarehe 31 Januari 1885 wasomaji 3 wa Kiprotestanti waliuawa. Tarehe 15 Novemba mwaka ule ule akafuata Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki na mkubwa wa watumishi, aliyemlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington na kuwakinga vijana wasifanyiwe uchafu. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo.

Yafaa tukumbuke kwamba hawa hawakuwa waasi. Kazi ya mtumishi wa ikulu ilikuwa kusikia wito na kukimbia mara moja. Utii walikuwa wameuzoea tangu utotoni. Kwa maoni yangu, dini haikuwafundisha kutii, bali iliwafundisha mwisho wa utii, mahali ambapo mtumishi mwaminifu husema hapana, kisha hukaa papo hapo angoje hukumu.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa nyepesi. Lakini mwaka 1888 wasomaji wa dini zote waliungana kumwondoa Mwanga, kisha wakageukiana wenyewe. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki, na Waprotestanti wakashinda kwa msaada wa Lugard na mzinga wake wa Maxim. Walikuwa wasomaji wa Injili moja, na kila upande uliamini kuwa unatetea njia ya Mungu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: ikiwa wote wasema wamesikia, tutamjuaje aliyesikia kweli? Mwanahistoria hana sikio la kuisikia sauti ya Mungu, wala hapaswi kujifanya analo. Aweza tu kuuliza ni nani aliyelipa. Mwaka 1886 gharama ya utii ilimwangukia aliyetii. Mwaka 1892 ilimwangukia jirani. Kipimo hiki si kamili, kwani hata mpotovu aweza kuifia imani yake, lakini chatosha kututia hadhari kila tunapoona amri ya Mungu inafanana mno na haja zetu.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 wa Buganda kuwa watakatifu, na katika hotuba yake akawataja Waanglikana waliokufa pia. Miaka 72 ilikuwa imepita tangu Mengo. Methali yatuambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vijana wa Namugongo walisikia, nao wakavunjwa. Waliobaki walihitaji muda mrefu sana kujifunza kusikilizana.