Dawa Nje ya Ruti

"Mwanangu, nani kawaambia mimi nina kifafa?"

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, Kidugala, mguu wa kushoto ameunyoosha, maana akiukunja unawaka kuanzia kiunoni mpaka kisigino. Nilikuwa namsomea kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi ndani ya boksi la gabapentini, na nilikuwa nimefika kwenye mstari usemao dawa hii ni ya kifafa na ya maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Mgongo haukutajwa. Mguu haukutajwa. Mzee aliyeuza magunia manne ya mahindi ili alipie vipimo na vidonge alinipokonya karatasi akaitia mfukoni mwa koti, majirani wasije wakasikia. Kwetu neno kifafa halitamkwi ovyo. Bado wapo wanaoamini povu la mgonjwa linaambukiza.

Hakuna aliyemdanganya kuhusu ugonjwa wake. Aliambiwa pingili zimebana mshipa, na huenda ndivyo. Ila dawa aliyoandikiwa ilisajiliwa kwa maradhi mengine. Jambo hilo, yaani kutumia dawa kwa ugonjwa, dozi au umri ambao usajili wake haukuutaja, Waingereza wana neno lake fupi, off-label. Sisi tunahangaika.

Tafsiri ninayoisikia zaidi ni "matumizi nje ya lebo". Mtajie mtu wa Makambako lebo, atageuza kola ya shati la mtumba. Lebo inayokusudiwa si kibandiko cha chupa. Ni maelezo yote yaliyokubaliwa na mamlaka: ugonjwa gani, kiasi gani, nani asiitumie, madhara yapi. Wengine huandika "matumizi yasiyoruhusiwa", na hapo daktari anageuzwa mhalifu ilhali sheria hajaivunja. "Nje ya usajili" limekaa vizuri kidogo, lakini msikilizaji mwenye haraka anasikia dawa isiyosajiliwa, ya magendo, ya kukamatwa na TMDA, mamlaka ya dawa.

Neno langu nimeliokota stendi ya Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Iringa na Mbeya. Kosta ina leseni ya Makambako–Njombe kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Gari zima, dereva mzima, leseni halali. Siku dereva akipakia abiria wa Iringa, gari halijawa bovu. Limekwenda nje ya ruti. Na si kila mara ni kosa: abiria wakifurika mwisho wa mwaka, LATRA yenyewe hutoa vibali vya muda. Kwa hiyo nasema dawa imetumiwa nje ya ruti. Mfano wangu una tundu, najua: dereva huomba kibali kwanza, daktari hamwombi mtu. Wenye Baraza la Kiswahili, BAKITA, wakiona neno ni la kihuni, waandike "nje ya matumizi yaliyosajiliwa", sitagomba. Ni refu, lakini linamlazimisha mtu aulize yaliyosajiliwa ni yapi.

Zipo dawa zilizotoka nje ya ruti zikachonga barabara. Mwaka 1912 fenobabitali ilikuwa dawa ya usingizi. Daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, akawapa wagonjwa wa kifafa ili walale, akaona na mishtuko imepungua. Miaka ya 1960 dawa hiyohiyo ndiyo Dk. Louise Jilek-Aall aliyowapa wagonjwa wa kifafa kule Mahenge, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa za kifafa za bei ndogo kabisa. Sitamsikiliza mtu anayesema kila kilicho nje ya ruti ni utapeli.

Lakini fenobabitali ilipimwa, na bei yake haimuuzishi mtu mahindi. Gabapentini ina historia nyingine. Marekani iliisajili mwaka 1993 kwa kifafa tu. Maumivu baada ya mkanda wa jeshi yakaongezwa mwaka 2002. Katikati hapo Parke-Davis, tawi la kampuni ya Warner-Lambert, lilikuwa likiwashawishi madaktari waiandike kwa kipandauso na maradhi mengine kadhaa. Mfanyakazi wao, David Franklin, alifungua shauri mwaka 1996, na mwaka 2004 Warner-Lambert ilikiri kosa ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 430. Tazama sheria ya kule ilipoweka mpaka: daktari anaweza kuandika dawa nje ya ruti, ila mwenye kampuni haruhusiwi kupiga debe.

Na mguu wa baba mdogo? Ndugu wa karibu wa gabapentini, pregabalini, ilipimwa Australia kwa watu 209 wenye maumivu ya namna hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: waliomeza vidonge visivyo na dawa walipata nafuu ileile, na waliomeza pregabalini wakazidiwa na kizunguzungu. Kizunguzungu, kwa mzee ambaye kila asubuhi anashuka bondeni kwenye vinyungu, bustani zetu za mabondeni!

Wiki iliyofuata alirudi mjini, karatasi ikiwa bado kwenye koti. Nilimsindikiza.

"Dokta, hii dawa ina ruti ya mgongo?"

Daktari alicheka. Kisha akavuta kiti, akaisoma karatasi mwenyewe mpaka mwisho, na akamjibu mzee kwamba haina. Kwamba miguu mingi ya namna hiyo hupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa, kwamba vidonge haviachwi ghafla. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya boksi tarehe tatu za kupunguza, moja chini ya nyingine, kwa herufi kubwa ambazo baba mdogo angeweza kuzisoma bila mimi.