Penseli ya Kepteni Grant

Kijiji cha Puge kipo wilayani Nzega, kwenye barabara ya lami iendayo kutoka Tabora hadi Nzega. Zamani nchi hiyo ya Wanyamwezi ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyoanzia Bagamoyo ilifika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikagawanyika: tawi moja likashika kwenda Ujiji, na jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwaka 1861 tawi hilo la kaskazini lilifuatwa na John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chimbuko la Nili. Safari yao husimuliwa kwa ajili ya mto. Yafaa isimuliwe pia kwa ajili ya penseli.

Grant alianza safari akiwa na kamera. Mwaka 1860 alipiga Unguja picha ambazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kisiwa hicho. Walipoingia bara, chombo hicho kiligeuka adui wa mwenyewe. Sahani zake zilitaka kutayarishwa na kukazwa kwa dawa ndani ya hema dogo, na joto la humo lilikuwa kali mno. Speke alihofu kwamba mwenziwe angekufa kama angeendelea na kazi ile, akairudisha kamera pwani. Hapo Grant akashika penseli na rangi za maji.

Penseli haitaki giza wala dawa, lakini humdai mchoraji kitu kimoja kizito, nacho ni kutazama kwa muda mrefu. Unyamwezi ilimpa Grant muda huo bila hiari yake. Vita baina ya mtemi Manua Sera na wafanyabiashara Waarabu viliwafanya wapagazi kuwa adimu, na maradhi nayo yakamchelewesha. Msafara uliposimama, mkono wake ulifanya kazi, ukachora watu, makazi na mimea.

Kitabu cha Speke kilichotolewa mwaka 1863 kilipambwa kwa picha nyingi zilizotokana na michoro hiyo. Lakini wasomaji hawakuuona mkono wa Grant wenyewe. Michoro ilichorwa upya kwa ajili ya kuchapwa, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Johann Baptist Zwecker, ambaye hakuwamo safarini. Michoro ya asili imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mbali sana na nchi iliyochorwa.

Sasa mambo yamepinduka. Mwaka 1860 mashine ilishindwa, mkono ukashika nafasi yake. Leo mashine yenyewe inauomba mkono urudi. Mwaka 1964 shirika la RAND la Marekani lilitangaza kibao kilichopokea mistari ya kalamu na kuiingiza katika kompyuta. Kishikwambi cha siku hizi ni kizazi cha fikra hiyo. Kwa kalamu yake maalumu hupambanua mkono mzito na mwepesi, na mtu aliyeiacha penseli tangu utotoni huweza kuanza tena bila kuogopa kuharibu karatasi.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mstari humfikia mtazamaji kama ulivyochorwa, bila mtu wa kati wa kuubadili. Jambo hili lina uzito Unyamwezi. Wapagazi walibeba mizigo ya msafara, wakachorwa, na sura zao zikapita mikono miwili ya wageni kabla ya kusomwa na wageni wengine. Mkazi wa Puge achoraye leo barabara yake mwenyewe huweza kuwa mchoraji, mchapaji na mtunzaji wa kazi yake.

Hata hivyo, kioo hakimpi mtu jicho. Wepesi wa kufuta waweza kumfanya achore upesi na kutazama kidogo. Grant, katika ugonjwa na kungoja, hakuwa na njia ya kuharakisha, na ndiyo sababu aliona mengi. Arudiaye kuchora leo ana chombo bora kuliko cha Grant. Subira itabidi ailete mwenyewe.