Mayonezi Ugenini

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo hazielekei kupatana. Moja husema, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Nyingine husema, mwacha mila ni mtumwa. Msomaji, methali hizi humfuata kila mtu aendaye kukaa katika nchi ya ugenini, nazo hushindana ndani ya moyo wake kila aketipo kula. Nguo ya wenyeji huvaliwa siku chache ikazoeleka. Lugha yao husomwa miaka michache ikasemeka. Lakini ulimi una ukaidi wake: hukumbuka kilicholiwa utotoni, nao huulizia kitu hicho hata mwenyewe akiwa ameshasahau kuulizia mengine.

Nataka tulitazame jambo hili kubwa kwa mfano mdogo, nao ni mfano wa mayonezi. Usiudharau kwa udogo wake. Historia haikai katika majumba ya wafalme na viwanja vya vita peke yake. Hukaa jikoni pia, na aghalabu humo ndimo inamodumu zaidi.

Mayonezi ni kitoweo kizito, cheupe au cha rangi ya manjano hafifu, ambacho huku kwetu hupatikana madukani na huliwa pamoja na viazi vya kukaanga, mkate au saladi ya kabeji. Asili yake ni vitu vinne tu: kiini cha yai, mafuta, siki au maji ya limau, na chumvi. Watu wengi huongeza haradali kidogo. Sukari haimo katika msingi huo. Ajabu ya kitoweo hiki ni kwamba huunganisha mahasimu wawili. Mafuta na maji hayapatani. Ukiyatia katika chupa moja na kuyatikisa, yatachanganyika kwa kitambo, kisha kila kimoja kitarudi mahali pake. Lakini katika kiini cha yai kuna kitu kiitwacho lesithini, ambacho upande wake mmoja hupenda maji na wa pili hupenda mafuta. Kitu hicho husimama kati kama msuluhishi, na mafuta hukatika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vikatulia ndani ya siki bila kugombana. Kwa hiyo vitu viwili vyepesi huzaa kitu kizito.

Je, kitoweo hiki kilianza wapi? Masimulizi yanayopendwa mno yanatupeleka katika kisiwa cha Menorca, kilichoko Bahari ya Mediterania, ambacho leo ni sehemu ya Hispania. Mwaka 1756 kisiwa hicho kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wafaransa, chini ya Mtawala wa Richelieu, walikishambulia, wakaizingira ngome yake kwa majuma mengi, na mwezi wa Juni ngome ikasalimu amri. Admirali John Byng, aliyetumwa kuiokoa na akashindwa, alihukumiwa na Waingereza wenzake na kupigwa risasi mwaka 1757. Yasemwa kwamba mpishi wa Richelieu, alipotaka kuandaa karamu ya ushindi, alikosa malai, akatumia mafuta badala yake, na kitoweo alichokipata akakiita kwa jina la Mahón, mji wa bandari wa kisiwa hicho.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini mwanafunzi wa historia hapaswi kuimeza kabla ya kuitafuna. Jina la mayonezi halionekani katika vitabu vya mapishi vya Kifaransa ila mwanzoni mwa karne ya 19, yaani kiasi cha miaka hamsini baada ya vita vile. Hata wakati huo wajuzi walibishana. Wako waliodai kwamba jina hilo latokana na mji wa Bayonne, kusini mwa Ufaransa. Marie-Antoine Carême, mpishi mashuhuri aliyefariki mwaka 1833, alilihusisha na neno la Kifaransa lenye maana ya kushika na kufinyanga kwa mkono. Tena, watu wa pwani za Hispania na kusini mwa Ufaransa walikuwa wakipondaponda kitunguu saumu na mafuta ya zeituni tangu zamani, wakipata kitoweo kilicho jamaa ya mayonezi. Basi chukua funzo hili la kwanza: kitu kikipata sifa, kila mji hutaka kuwa mama yake.

Kutoka Ufaransa mayonezi ilisafiri. Ilivuka bahari ikafika Marekani, na aliyeipeleka katika maduka ya huko kwa mafanikio makubwa alikuwa mgeni. Jina lake Richard Hellmann, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1905 alifungua duka la vyakula mjini New York. Mayonezi ilitumika katika saladi zilizouzwa humo, na wanunuzi wakaipenda hata wakataka kuinunua peke yake. Mwaka 1912 alianza kuiuza katika chupa za kioo zenye alama ya utepe wa buluu. Kusini mwa nchi hiyo hiyo, katika mji wa Greenville, jimbo la South Carolina, bibi mmoja aitwaye Eugenia Duke alikuwa akitengeneza sandwichi na kuwauzia askari wa kambi ya Sevier mwaka 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mayonezi yake ilisifiwa kuliko mkate ulioibeba. Mwaka 1929 aliuza kazi hiyo kwa kampuni ya C. F. Sauer ya mji wa Richmond, Virginia, na mpaka leo mayonezi yenye jina lake haitiwi sukari. Watu wa kusini mwa Marekani wakihamia mbali huitaja kama sisi tunavyotaja chai ya nyumbani.

Kisha zikaja siku za dhiki. Uchumi wa dunia ulipoanguka baada ya mwaka 1929, fedha zikawa haba, na mafuta na mayai ni vitu vya gharama. Mwaka 1933, katika maonyesho makubwa ya Chicago, kampuni ya Kraft ilitoa kitoweo kipya kiitwacho Miracle Whip. Kilifanana na mayonezi kwa sura, lakini kilikuwa na mafuta machache zaidi, kilitiwa sukari na viungo, na bei yake ilikuwa nafuu. Watu wakakinunua kwa wingi. Watoto waliolelewa kwa utamu huo wakakua wakiamini kwamba ndiyo ladha ya kawaida.

Hapo utauliza, je, sheria haikulinda jina? Ililinda, lakini kwa upande mmoja. Sheria ya Marekani yasema kwamba kitu hakistahili kuitwa mayonezi kama mafuta yake ya mimea hayafikii asilimia 65 ya uzito wote. Miracle Whip haifikii kiwango hicho, kwa hiyo haiitwi mayonezi. Lakini sheria hiyo hiyo huruhusu sukari iongezwe. Basi chupa mbili zaweza kusimama bega kwa bega dukani, zote zikiwa na jina halali, moja chachu na moja ina utamu. Jina ni mlango tu. Aliyemo ndani humjui mpaka uingie. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hasomi jina kubwa lililoandikwa mbele, bali husoma maneno madogo ya nyuma yanayotaja vitu vilivyomo.

Sasa tuvuke bahari nyingine twende Asia. Mjapani mmoja, Nakashima Toichiro, aliijua mayonezi alipokaa Marekani katika ujana wake. Aliporudi kwao hakusahau. Mwaka 1925 alianza kuiuza Japani kwa jina la Kewpie, naye alitumia viini vya mayai peke yake bila ute, akitumaini kwamba chakula chenye lishe kitawaongezea watu wake afya. Hapo kwanza wengi hawakujua ni kitu cha kufanyia nini. Leo Wajapani huitia katika vyakula ambavyo Mfaransa hangeviwazia. Lakini ladha yake ilibaki ya yai na siki, si ya sukari.

Jirani ya Japani kuna kisiwa cha Taiwan, na huko mambo ni mengine. Mayonezi iliyozoeleka Taiwan ni nyeupe, laini, na tamu waziwazi. Humwagwa juu ya machipukizi ya mianzi yaliyochemshwa na kupozwa, huliwa pamoja na kamba wa kukaanga na vipande vya nanasi, na hupakwa katika mikate ya asubuhi. Wala si ajabu utamu kupendwa kisiwani humo. Miwa ilikuwa mali yake kubwa tangu enzi ya Waholanzi, waliokitawala baina ya mwaka 1624 na 1662, na Wajapani walipokitawala kuanzia mwaka 1895 hadi 1945 walijenga humo viwanda vikubwa vya sukari.

Mfikirie, msomaji, mtu aliyezaliwa Ufaransa au South Carolina akienda kufanya kazi katika mji wa Taipei. Aona sandwichi ya yai, moyo wake wafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu njiani. Aiuma, na badala ya uchachu akutana na sukari. Si chakula kibaya, wala mpishi hakukosea. Lakini mtu huyo ahisi upweke ambao hakuuhisi alipokula chakula kigeni kabisa. Kigeni hakikuahidi kitu. Hiki kimevaa sura ya nyumbani, na ndani yake nyumbani hamna. Kichekwacho na wengine kama ulafi ni kiu ya mtu kutaka kujua kwamba yungali yeye yule aliyetoka kwao.

Afanyeje? Njia ya kwanza ni kutafuta. Huko Taiwan hutafuta chupa zilizotoka Japani. Na mgeni aliyeko Uholanzi hujifunza kutofautisha mayonezi na kitoweo cha viazi kiitwacho fritessaus, chenye mafuta machache na utamu zaidi. Lakini vitu vya kuagizwa ng'ambo huwa ghali, tena leo vipo na kesho havipo. Njia ya pili ni ya hakika zaidi: ajifanyie mwenyewe. Yai liko kila nchi. Mafuta yako kila nchi. Chumvi na siki hazikosekani, na pasipo siki pana ndimu.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini haitaki pupa. Chukua kiini cha yai moja lisilo baridi, ukitie bakulini pamoja na kijiko kidogo cha haradali, chumvi kidogo na kijiko kimoja cha siki. Koroga kwa uma mpaka vishikane. Kisha tia mafuta, tone baada ya tone, huku mkono mwingine haukomi kukoroga. Uonapo uzito umeanza, mafuta yaweza kutiririka kama uzi mwembamba, hata yatimie kiasi cha kikombe kimoja kidogo. Mwenye haraka akimimina yote pamoja, kitoweo hukatika, mafuta yakaelea juu na siki ikabaki chini. Hata hivyo hakuna haja ya kukitupa. Chukua kiini kingine katika bakuli safi, ukirudishe kile kilichokatika kidogo kidogo, nacho kitashikana upya. Lakini kumbuka kwamba yai hili ni bichi, na mayai mabichi huweza kuwa na vijidudu vya salmonela viletavyo maradhi ya tumbo. Tumia mayai mapya na safi, au yale yaliyopashwa moto kiasi cha kuua vijidudu bila kuiva, ambayo huuzwa katika nchi kadha wa kadha. Weka kitoweo mahali pa baridi, ukimalize kwa siku chache, wala usiwape watoto wachanga, wajawazito na wazee kilichotengenezwa kwa mayai mabichi.

Sasa turudi kwa zile methali mbili. Tumeona kwamba historia ya mayonezi karibu yote ni historia ya watu waliotoka kwao. Hellmann alikuwa mhamiaji. Nakashima aliondoka akiwa mwanafunzi wa mambo ya watu, akarudi akiwa mwalimu. Kila mahali kitoweo hiki kilipofika kilivunja jicho lake kidogo kiwapendeze wenyeji: hapa kikatiwa sukari, pale kikanyimwa ute. Hayo si makosa. Mtoto wa Taiwan aliyelelewa kwa mayonezi tamu, akienda kusoma Paris, ndiye atakayeonja ya Kifaransa na kuona imepungukiwa. Naye atatafuta sukari kwa hamu ile ile ambayo Mfaransa wa Taipei huikimbia. Hapana ulimi ulio hakimu wa ndimi zote.

Basi methali mbili zaweza kukaa nyumba moja. Ukiwa ugenini, kula cha wenyeji kwa heshima na shukrani, wala usiwaambie kwamba chao si chenyewe. Lakini ujue pia namna ya kukifanya cha kwenu. Huenda wewe usomaye maneno haya utakuja kuishi mbali siku moja, na kitu utakachokikosa hakitakuwa mayonezi. Yamkini kitakuwa sima, au mursik, au mchuzi wa nazi. Mzigo hupotea bandarini, fedha huisha, na duka hufungwa. Ujuzi ulio mikononi mwako hautozwi ushuru katika forodha yoyote. Kabla hujasafiri, ingia jikoni kwa mama au nyanya yako, umwombe akuonyeshe kipimo.